Mfuko Ndani ya Mfuko

Kabla hatujapanda, Oddlaug aliumwaga mzigo wangu wote
sakafuni jikoni, akauchambua kama mchele.

"Hilo koti la begi," alisema, "ni pambo.
Mvua ya huku haishuki tu: inapanda, inakata kona,
inapenya mgongoni, pale begi linapokukumbatia."

Akatandika mfuko wa nailoni, mweusi, mrefu,
akashindilia godoro langu la manyoya mpaka likahema.
Soksi za sufu, jozi moja, ya usiku tu,
hata ukiililia mchana huipati.
Viberiti ndani ya kopo la dawa ya kikohozi.
Shingo ya mfuko akaisokota mara tatu, akaikunja,
akaifunga kama kinywa cha mdaku.

Saa saba, juu ya ziwa, mvua ilikuja ubavu ubavu.
Viatu vikasema chwa, chwa.
Wacha inyeshe, nikajitapa kimoyomoyo.

Kibandani, kando ya jiko la kuni, nilifungua ile shingo.
Godoro chepechepe.
Nikapapasa mishono yote. Hapana tundu.

Oddlaug alizamisha mkono hadi begani,
akaibuka na shati
nililovua darajani asubuhi, zito kwa jasho na manyunyu,
nikalisokomeza humo upesi, nikafunga tena. Vizuri sana.

Kikulacho.

Hakusema neno. Alilikamua nje ya mlango,
akanirushia soksi zake za usiku.

Paa liliteta na mvua hadi alfajiri.
Nililala nimekaa,
nikinuka kondoo, miguu mikavu.