Tano Nukta Kumi

Kiini cha mashine yetu ni toleo la tano nukta kumi.
Usicheke. Kiliahidiwa miaka sita ya matunzo,
na hapa Kadutu miaka sita
ni mirefu kuliko ndoa kadhaa nilizochangia kreti za bia.

Kinalinda friji tatu za damu.
Kila dakika kinaandika joto: nne, nne, nne na nusu,
na moto wa Ruzizi ukikatika
kinahamia betri, kinaendelea kuandika
kama karani asiyejua kuwa ofisi imefungwa.

Jumatatu Cirhuza alikuja na majaribio mapya,
ameyapakua usiku kucha kwa mega alizonunua mwenyewe,
toleo la mwezi huu, bado lina joto la tanuri.
Akayaachia. Tukakaa.
Mistari ikashuka kama mvua ya Aprili juu ya mabati,
na chini kabisa, kwa wekundu:
arobaini na moja yameshindwa.

"Mama Nabintu, kiini kimeoza."

Nikamwambia: mshike mtu
aliyehama Bukavu mwaka wa tisini na nane,
umuulize njia ya kufika kwenye avenyu
iliyochimbwa juzi mlimani kule Panzi.
Akinyamaza, utasema amesahau mji?
Hajasahau. Hakuwepo.
Jaribio la kumi na tatu linabisha mlango
ambao kwa kiini chetu bado ni ukuta.
La ishirini linadai namba
mahali ambapo sisi tulizoea kujibu ndiyo.
Haya si magonjwa, kijana. Ni tarehe.

Nikavuta droo (ndiyo, mimi bado nina droo),
nikatoa diski yenye mwandiko wangu wa wino wa bluu:
majaribio ya tano nukta kumi, pacha wa kiini,
waliozaliwa wiki moja,
wanaoitana kwa majina ya utani.
Tukayaendesha. Kijani. Kijani hadi chini.
Nikanywa chai yangu kwa kiburi.

Cirhuza hakunywa.
Alibaki na yale arobaini na moja,
moja moja, kama mtu anayechambua maharage kabla ya giza,
punje huku, jiwe huku:
hili hakikulijua, hili hakikulijua, hili hakikulijua,
hili—

Saa tisa usiku simu ikalia.
"Mama, namba thelathini na nne. Hili kinalijua.
Kiliulizwa sawasawa. Kikajibu vibaya."

Saa. Ile saa ya ndani.
Betri ikiingia mara mbili katika dakika moja,
kiini kinarudi kusoma joto la zamani
na kuandika nne, nne, nne
kwa friji iliyokwisha kufika tisa.
Jeraha lilikuwepo tangu siku ya kuzaliwa.
Pacha hakuuliza, maana naye
alizaliwa bila kujua kuna la kuuliza.
Huko mbali walilitambua miaka mitatu baadaye,
wakalitibu, wakaliandikia swali,
na dawa haikupanda mlima wetu.

Chai ile, nakiri, ilinirudia kooni.

Sasa tuna daftari.
Kuna *limefaulu*, kuna *limeshindwa*,
na kuna neno la tatu tuliloligombania
hadi Furaha wa maabara akatufukuza chumbani.
Yeye alitaka *limerukwa*.
Mimi nilitaka *hakikufundishwa*.
Tumeandika la kwake, kwa kalamu yangu.

Dawa tuliibeba wenyewe, mistari kumi na mmoja,
tukaishona ndani ya kiini cha zamani
kwa uzi wa rangi yake.

Alhamisi moto ulikatika, ukarudi, ukakatika.
Nilisimama mbele ya friji ya pili na tochi ya simu.
Nne.
Nne na nusu.
Baada ya saa nzima, tano na robo.
Sita na nusu, kikaandika,
na king'ora kikapasua korido yote,
watu wakaja mbio na barafu,
nami nimesimama palepale
nakishukuru kwa kelele.