Gumegume

Chembe ya jiwe isiyozidi punje ya ulezi
ilichukua jicho la kushoto la baba,
mwaka ambao nguruwe walivuna Ugwachanya kabla yetu.
Toka hapo mawe ya gobore nikayachonga mimi,
Semkuyava, miaka kumi na mmoja,
naye kando yangu, amelifumba hata lile zima,
anasikiliza.

"Gonga." Nagonga.
"Hilo limepasuka ndani. Tupa."
Sikuuona ufa. Yeye aliusikia:
jiwe bovu hujibu kwa kukohoa,
jiwe zima husema ti, kavu, halirudii.

Ngozi ya mbuzi pajani, jiwe juu ya ngozi,
pembe ya pofu mkononi.
Usipige katikati kama mtu avunjaye karanga.
Piga ukingoni, kama unamwamsha mgeni.
Gamba litabanduka lenyewe,
jembamba, na harufu ya radi iliyopita mbali.
Kipimo ni ukucha wa kidole gumba,
chake, si changu.
Mgongo uwe mnene. Mdomo uwe mkali
kiasi cha kunyoa unywele mmoja wa mkono wangu
nisisikie.

Kisha kulivalisha.
Paruzi ina taya mbili na parafujo moja,
na chuma kikiuma jiwe tupu, jiwe hupasuka.
Tulikata ulimi wa kiatu alichotoka nacho mashamba ya mkonge,
tukaukunja, jiwe likalala humo
kama hindi ndani ya ganda lake.
Mdomo utazame bamba sawasawa, usiinamie upande.
Navuta, naachia:
cheche tano, sita, zinadondokea kifani.
"Nne," anasema baba. "Kaza."
Nakaza.

Mama alikuwa na lake.
"Bunduki gumegume, mume gumegume,"
akisonga ugali, mgongo ameupa mlango,
maana mara tatu katika tano
baruti iliwaka kifani ikaishia papo hapo,
na nguruwe akainua pua, akautazama ule mwanga,
akarudi kwenye hindi lake bila haraka.
Baba alicheka kutushinda sote.
Alfajiri, baridi ya Julai ikiwa bado imekaa juu ya mabua,
aliniamsha kwa kidole:
"Geuza jiwe. Upande wa chini bado una njaa."

Lilipokuja tangazo la kusalimisha magobore
alivaa koti, akalifungia mtambo kwa kitenge cha mama,
tukatembea hadi ofisi ya kata bila neno.
Mlangoni alisimama,
akailegeza parafujo kwa ukucha.
Karani aliandika: gobore moja, bovu, halina jiwe.
"Liko wapi jiwe, mzee?"
"Serikali imeomba bunduki," akasema baba.
Mkono wake ulikuwa mfukoni mwangu.

Sasa nakaa mjini, kilimani, kwenye upepo.
Jiwe lilikuwa ndani ya kopo la vifungo
mpaka Lupituko alipolipeleka shuleni bila kuniambia.
Alirudi anahema.
Mwalimu amelifunga kwa karatasi, ameandika kwa wino mwekundu:
Zana ya kale, Isimila. Litunzwe.
"Mama, limechongwa na watu wa zamani mno,
hata majina hawakuwa nayo!"

Nililipokea. Nililigeuza kwenye mwanga wa dirisha.
Hii hapa pengo, pembe iliponiteleza
nikajikata, na baba, macho yamefumbwa,
akasema, "Hapo umekosea,"
kabla sijalia.

Nilitaka kumcheka mwalimu.
Kinywa kilikuwa kimeshafunguka.

Ndipo nikakumbuka lilikotoka:
korongoni, chini ya zile nguzo za udongo, baada ya mvua.
Baba aliinama, akalipapasa muda mrefu,
upande mmoja, upande wa pili,
akanipa.

"Hili ameshalianza mwenzako," akasema.
"Malizia."