Chumba cha Mavazi, Brodwei

Jina lake limewashwa taa juu ya mlango,
kubwa kuliko jina la mchezo.
Tiketi zimekwisha hadi Machi.

Mimi nakaza kiuno cha gauni
alilovaa Lenora Vasquez enzi zile,
pini mdomoni, sisemi kitu.

Jana walimnyima maikrofoni.
Sauti iliyozoea viwanja vya mpira
ikafia safu ya tatu.
Mwongozaji akatazama saa.

Pembeni, gizani, Winifred, mbadala wake:
miaka kumi na moja akingoja mtu augue,
midomo ikimcheza kila ubeti.

Leo nimewakuta ngazi ya nyuma.
Winifred kamwekea kiganja tumboni.
“Vuta kutoka hapa. Siyo kifuani. Tena.”

Nimetema pini.
Upindo nauacha mpana:
gauni hili
lina wenyewe wawili.