Maji Yaliyosafika Mno

Kule visimani Mzakwe mimi ni mwindaji wa naitreti.
Nachota, natikisa kichupa, nasubiri rangi,
na waridi ikikolea nakunja uso,
naandika: yasinywewe.
Kazi yangu ni kuipenda sifuri.

Sifuri hiyo nikaibeba hadi nyumbani, Ilazo,
kwenye tangi la futi nne
ambalo jirani yetu Mama Chilewa huliita televisheni ya maji.
Bahari hutufikia huku kwa lori, imekauka,
chumvi nyeupe ndani ya ndoo ya kilo ishirini.
Naikoroga kwa maji niliyoyachuja mara nne,
maana maji ya Dodoma yana chokaa,
muulize birika lolote.

Matumbawe yenyewe ni vidole tu,
vimemegwa kwenye tangi la rafiki,
naye alimegewa na mwingine.
Kimoja zambarau. Kimoja kijani cha panzi.
Kimoja rangi ya papai lililopasuliwa sasa hivi.

Nikayapa taa: buluu alfajiri,
nyeupe kuanzia saa nne, buluu tena magharibi.
Nikawaza, mwanga ndio ugali wao,
nikapandisha: asilimia sitini, themanini, tisini.
Nikasugua vioo, nikaongeza kichujio,
samaki nikawapunja.
Kila Jumamosi nikapima: sifuri.
Nikalala kama mtu aliyemaliza deni.

Yakaanza kupauka.
Zambarau ikawa chai iliyozidi maziwa,
papai likawa ganda la yai.
Hayakufa. Yalikaa tu,
mifupa ikichungulia chini ya ngozi,
chini ya taa kali kama Oktoba ya kwetu:
jua tele, uwele hakuna.
Nami nikadhani bado kuna uchafu mahali,
nikasugua tena.

Kisha nikatumwa Kondoa wiki tatu,
visima kumi na vinne.
Nikamwachia Nyemo kijiko na maagizo.
Ana miaka tisa.
Kijiko kimoja, nilisema, leo ndiyo, kesho hapana.

Alilisha mara tatu kwa siku.
"Baba, walikuwa wananitazama."
Na taa aliifunika kwa chandarua cha zamani,
alichokikunja mara mbili,
kwa sababu ilimchoma macho akifanya hesabu.

Nilifika usiku. Kwanza nikaona kioo,
ukungu wa kijani kona hadi kona,
nikavuta pumzi ya kugomba.
Halafu nikaona zambarau.

Si yote. Nchani tu,
kama wino ulioanza kupanda kwenye karatasi.

Nikapima nimesimama, viatu bado mguuni.
Naitreti tano. Fosfeti chembe.
Waridi hafifu kwenye kichupa,
waridi ileile ninayoiandikia ripoti.

Ndani ya kila tumbawe wamo wapangaji,
vimwani visivyoonekana,
wanalipa kodi kwa sukari.
Wanadai mwanga, na makombo ya mlo wa wengine.
Nilikuwa nimewawashia taa usiku na mchana
jikoni kusikokuwa na unga.
Ukiwapunja, wanahama na rangi yao.
Ukiwavimbisha, wanazaana
mpaka nyumba nzima inakuwa kahawia,
hilo nalo nililiona mwaka wa kwanza,
ndilo lililonitia woga.

Nilimgombeza kwa ajili ya kioo. Kidogo.
Chandarua sikukitoa.
Asubuhi nikashusha taa hadi hamsini na tano,
nikakata kijiko nusu kwa nusu,
nusu ya asubuhi, nusu ya jioni,
nikaenda Mzakwe, nikaandika: yasinywewe.

Jioni Nyemo akaniuliza,
"Kwa hiyo uchafu ni mzuri?"
Nikamwambia inategemea ni nani anayekunywa.
Hakuridhika na jibu. Mimi pia.
Tukakaa sakafuni tukihesabu ncha:
nne, tano.
Ya sita bado.