Mizani ya Kijiti

Baba alinifundisha kupima unga kwa kiganja.
"Jicho hudanganyika," alisema, "mkono haudanganyiki."
Kwenye tanuri letu kando ya mto Werra
nilijua mkate umeiva kwa kuugonga kitako
na kusikiliza.

Wakaniita mwezi Februari, nina miaka kumi na minane.
Wakanipa buti zenye jina la mtu mwingine ndani,
kofia ya chuma, na wimbo.
Wimbo niliuimba. Sitasema sikuuimba.

Kile kijiji sikukijua jina.
Nyumba kumi na tisa za magogo; sajini Kniep alisema: zote.
Mimi nilipewa kiberiti na nyumba tatu za mwisho.
Kulipokucha yalibaki majiko tu,
majiko ya matofali yamesimama kwenye theluji
bila kuta, bila paa, midomo wazi.
Ndani ya moja mlikuwa na mkate.
Harufu iliniambia: bado dakika kumi.
Nikasubiri.
Mungu anisamehe au asinisamehe, nilisubiri dakika kumi,
nikautoa, nikaugonga kitako, tukaula.

Juni tulikamatwa kinamasini, mikono juu, matope shingoni.
Siku kumi na saba ndani ya behewa la ng'ombe,
kisha Donbas, mgodini, chini kabisa,
makaa juu, makaa kando, makaa kwenye mate.
Mkate mmoja kwa watu wanne.
Tulitengeneza mizani: kijiti, nyuzi mbili, vifuniko viwili vya kopo.
Wakanichagua mimi nikate, kwa sababu ya mkono wangu.
Mkataji huchukua kipande cha mwisho:
ndiyo sheria pekee niliyoona ikifuatwa
upande wowote wa vita ile.
Mkono mtupu haulambwi, husemwa.
Sisi tuliulamba.

Alwin Tiedke, mwalimu wa hesabu, alikufa saa tisa usiku.
Tuliripoti mchana,
baada ya kugawa fungu lake.
Nililipima mara mbili. Lilikuwa sawasawa.

Mwaka wa tatu walinituma nje ya uzio
nikamjengee jiko mjane mmoja, Praskovya,
ambaye hakunitazama usoni siku nne.
Siku ya tano akaoka.
Akaniona mkono wangu ukienda wenyewe kuugonga mkate,
akasimama, kisu mkononi.
Akanikatia kipande.
Gramu mia na kumi; sikuhitaji kijiti.
Nilitaka kumwambia habari za lile jiko lingine,
lakini sikuwa na neno la Kirusi la "dakika kumi".

Uongo. Neno nilikuwa nalo.

Nilirudi mwaka arobaini na tisa, kilo arobaini na sita.
Mama alinipima kwa macho, akageuka kutafuta sufuria
ambayo ilikuwa mbele yake.
Tanuri la Baba lilikuwa na panya. Baba hakuwapo.
Nikasafisha, nikawasha.

Sasa Gerlinde huniuliza kila alfajiri
kwa nini nasimama mlangoni mwa tanuri, saa mkononi,
dakika za mwisho zote,
na mkono wangu unajua.
Nyuma yake wateja wanagonga dirisha, wana haraka, wana njaa ya kawaida tu.
Simjibu.
Nasubiri ziishe.