Kioo cha Bawa

Nilisema, "Salili."
Nilisema upesi, maji ya Sagara yakiwa magotini,
na baba ameshikilia pumzi nyuma ya mafunjo.

Mwaka ule macho yake yaliingia ukungu.
Tukagawana kazi: mimi nione, yeye apige.

Alinifundishia ukutani, jikoni, kwa mkaa:
salili wa ng'ambo, mgeni wa Novemba,
nyusi nyeupe kama aliyechunguliwa na unga,
kundi lake hugeuka kwa pamoja, shuka likikung'utwa;
bata mluzi ana kibyongo, shingo imelegea,
miguu inaning'inia nyuma ya mkia;
sululu huruka kama mlevi anayedaiwa,
huyo mwache, baruti ni ghali.
"Tazama kioo cha bawa, pale panapometa.
Na kama hujui, sema sijui.
Sijui haijaua mtu. Wala bata."

Kibali kilikuwa kifuani mwake,
ndani ya mfuko wa chumvi ya Uvinza:
bata wageni, kumi, na muhuri umefifia.

Wakaja wakiwa na jua mgongoni.
Jua likiwa nyuma, kila bata ni mweusi.
Upepo ulikula mluzi wao.
Ningeweza kusema lile neno.
Lakini nilitaka macho yangu yaitwe macho.

Gobori likakohoa.
Nikamfuata mmoja kwenye matete, angali na joto.

Baba hakumtazama. Alimpapasa.
Mdomo. Shingo, ndefu mno.
Akalifungua bawa kama daftari la madeni
akalisogeza hadi puani: halikuwa na kioo,
weusi mtupu hadi ncha.
Kisha kidole gumba kikashuka tumboni,
kikasimama mahali pagumu, pa mviringo,
kikakaa.

"Salili," alisema baba.
Akafuta mtutu. Tukarudi Nguruka bila neno jingine,
na kibali kilibakiwa na tisa.

Jioni mama alimpasua,
akatoa yai jeupe, ganda limekamilika,
akaliweka kwenye sahani ya bati
na kuendelea kukata vitunguu.

Novemba iliyofuata tulisimama palepale.
Kundi likapita chini, likageuka kwa pamoja,
mabega ya mabawa yakiwaka kijivu cha samawati,
nyusi nyeupe, karibu kiasi cha kuhesabika.
"Wale nini?" baba akauliza, kidole kwenye kifyatulio.

Nikasema, "Sijui."

Akashusha gobori.
Tukasikiliza mabawa mpaka yakaisha.