Daraja kwa Dola Moja

Nililipiga taipu mwenyewe lile tangazo,
nikalibandika kwa pini nne mlangoni pa ofisi ya kaunti:
Daraja la reli, la chuma, futi mia mbili na kumi,
linauzwa dola moja.
Mnunuzi alihamishe kwa gharama zake
kabla mto haujaganda.

Orrinsburg, Iowa: watu mia nane, madaraja matatu.
La mawe liko kule kwa kina Brandvold;
ng'ombe hujibanza chini yake wakikimbia jua la Julai,
na juu yake treni haijapita tangu ning'oe meno ya utoto.
La mbao liliungua mwaka wa ukame.
Zimebaki nguzo, zimechomoza majini
kama vidole vya mtu anayehesabu madeni.
Na hili la chuma,
lililopigwa ribiti na watu ambao hakuna aliyewaandika.
Limeandikwa jina la kiwanda tu, kwa herufi za kusubu,
juu kabisa, wanakolala njiwa.

Wiki mbili hakuja mtu.
Kisha akaja mnunuzi wa vyuma chakavu,
akalitazama kama mchinjaji atazamavyo fahali aliyekonda,
akaguna, akaondoka.

Jumanne akaingia Alvina Stolz, miaka themanini na mmoja,
matope kwenye buti, mkoba kwapani.
Akaiweka noti juu ya kaunta, akainyoosha kwa kiganja.

Utalipeleka wapi? nikamuuliza.
Fomu ina mstari huo, si mimi niliyeutunga.
Andika, akasema: hapo hapo lilipo.

Nikamsomea sheria. Akaniacha nimalize.
Kisha akanieleza habari za baba yake, Emmerich, mkaguzi wa njia,
aliyetembea juu ya reli kila alfajiri na nyundo na taa,
akigonga, akitega sikio.
Chuma kizima hulia, alimfundisha binti yake,
kilichopasuka hukohoa.
Usiku wa mafuriko aligonga, hakupenda alichokisikia.
Akasimama katikati ya daraja, taa nyekundu mkononi,
akipunga, akipunga,
hadi treni ya mahindi ikasimama
hatua kumi kutoka kifuani mwake.
Kampuni ikamkata mshahara wa siku
kwa kosa la kuchelewesha mzigo.
Siku zile, dola moja na senti arobaini.

Kwa hiyo lilishalipiwa, akasema Alvina.
Hii noti ni ya karatasi na wino wako.
Mimi nimefuata risiti.

Nikaandika. Nikagonga mhuri.
Mkuu wangu angesema nini, sikutaka kujua.

Jioni nikaenda mtoni bila kumwaga mtu,
nikatoa ufunguo wa ofisi, nikagonga nguzo ya kwanza,
nikabandika sikio kwenye kutu.
Kililia.
Nadhani kililia.
Njiwa waliruka, wakazunguka mara moja,
wakarudi kukaa juu ya jina la kiwanda.